Jina la Tisa

Mama Muhuri alichoka kabla hajaamka. Upo uchovu wa mwili, ambao dawa yake ni godoro, na upo uchovu wa miaka thelathini na mmoja nyuma ya kaunta moja, ambao godoro haliuwezi. Siku ile ya kupokea orodha za wagombea wa baraza la mkoa alikuwa nao wote wawili, na miguu imevimba hadi viatu vya kazini amevisukumia pembeni na kuvaa kandambili. Juu ya kaunta alikuwa karani wa uchaguzi, kola imenyooka, miwani imekaa puani. Chini ya kaunta alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na tisa mwenye kutamani beseni la maji ya uvuguvugu. Aliyetaka kumjua vizuri ilibidi ainame.

Jina la Mama Muhuri alipewa na watu kwa sababu ya muhuri wa ofisi, aliouvaa shingoni kwa kamba na kwenda nao hadi msalani. Ilibaki miezi miwili astaafu. Wenzake walikwisha kumnunulia zawadi ya kumuaga, saa kubwa ya ukutani, wakaificha kabatini kwenye karatasi ya maua, na yeye alikwisha kuiona siku ya kwanza alipofungua kabati kutafuta wino. Alinyamaza, akawa anajizoeza nyumbani jinsi ya kushangaa.

Sheria ya uchaguzi ule ilikuwa nyepesi kuieleza, nzito kuitii. Mtu hakugombea peke yake. Waligombea kwa orodha, watu tisa kwenye karatasi moja, na mwananchi aliipigia kura karatasi nzima, wazuri pamoja na wabaya, kama anayenunua fungu la nyanya. Orodha ikipungua tisa, imekufa. Jina likionekana kwenye orodha mbili, linafutwa kote kuwili. Mlango unafungwa saa kumi kamili jioni kwa saa ya ofisi, na kilichokwisha kuwekwa juu ya kaunta hakiongezwi wala hakipunguzwi. Na kabla ya kugonga muhuri, karani ayasome majina yote kwa sauti, ukumbi mzima usikie.

Hilo la mwisho ndilo alilolishikilia Mama Muhuri kuliko yote. Makarani wa mikoa mingine, alisikia, walishaacha zamani. Walipokea, wakagonga, wakabandika ubaoni, wakaenda kula. Yeye alisoma. Kila jina alilitamka kama lilivyo kwenye kadi, polepole, huku akiwatazama watu waliokaa kwenye mabenchi. Aliamini kwamba jina likitajwa mbele za watu, uongo wake hutoka wenyewe. Mwaka mmoja alisoma jina la mgombea na mzee mmoja akasimama kwenye benchi akasema, "Huyo nilimzika mimi."

Alikuwa na ubaguzi mmoja tu katika kusoma kwake, na huo hakuuita ubaguzi, aliuita adabu. Ndugu yake wa damu hakumtaja. Baba yao aliwalea hivyo, kwamba mtu hapigii debe damu yake mbele za watu. Mara mbili katika miaka thelathini na mmoja aliwahi kukuta jamaa yake kwenye orodha, na mara zote mbili alisema, "Na huyu ni damu yangu, simtaji," watu wakacheka, kazi ikaendelea. Wakubwa walijua. Walisema ni utani wa kizee.

Sasa basi, asubuhi ile, saa mbili na robo, aliingia Mwalimu.

Mwalimu ndiye aliyeongoza Orodha ya Kengele. Alikuwa mwalimu mkuu mstaafu, mtu wa kuwahi kila mahali hata msibani, na karatasi zake alikuwa amezitia kwenye bahasha mbili ili ya ndani isichafuke. Mama Muhuri alikuwa akimpenda kwa jinsi alivyojaza fomu. Alisimama, akasoma. La kwanza, la pili, hadi la nane. Alipofika la tisa akaona jina la dada yake.

Hakushtuka. Dada yake mkubwa, Mkunga, ambaye walikaa naye nyumba moja tangu wote wawili wafiwe na waume, alikuwa amemwambia juzi kwamba ameweka saini kwa Mwalimu, ila aliomba awekwe mwisho kabisa, kwa sababu yeye si mtu wa mbele. Mama Muhuri akashusha miwani.

"Na wa tisa ni damu yangu," akasema, "huyo simtaji."

Ukumbi ukacheka. Mwalimu akacheka kuliko wote, akasema, "Hata ukimficha, wapiga kura watamwona." Kwenye benchi la mbele, mke wa Fundi Bomba, aliyekuja na daftari kusikiliza majina ya wapinzani wa mumewe, naye akacheka. Akaandika: *wa 9, ndugu yake*. Alidhani ni yule mpwa wa Mama Muhuri mwenye duka la baiskeli, maana ndiye aliyekuwa akiipigia debe Kengele mitaani tangu mwanzo. Muhuri ukagongwa. Mwalimu akaaga mapema, akisema mchana ana zamu ya kusimamia mtihani shule ya sekondari, na simu huko huachwa mlangoni.

Ili jambo hili lieleweke, lazima usemwe ukweli kuhusu Mwalimu na Fundi Bomba. Hadi mwaka uliopita walikuwa orodha moja. Walitaka jambo lile lile, ahadi zao zilikuwa zile zile, hata mhariri wa vipeperushi alikuwa yule yule. Waligombana juu ya nani awe namba moja. Miezi mitatu walikaa vikao, wakanywa chai ya watu, wakatoka hawasemeshani, mmoja akaanzisha Kengele na mwenzake akaanzisha Ndoo. Aliyefaidika alikuwa Bwana Kokoto, mwenye machimbo ya kokoto na mwenyekiti wa baraza lililokuwa linamaliza muda, ambaye orodha yake, ya Daraja, haikuwahi kugombana, kwa sababu wote tisa walikuwa wameajiriwa naye.

Na huyo Bwana Kokoto ndiye aliyeifunga wodi ya wazazi. Alisema inakarabatiwa. Miaka miwili sasa vitanda vimetolewa nje vikashika kutu, na ndani imepangwa mifuko ya saruji hadi dirishani. Wanawake walipelekwa kujifungulia hospitali ya mbali, wengine hawakufika. Mkunga, aliyefanya kazi katika wodi ile tangu akiwa na meno yote, alikuwa akipita pale kila Jumapili, anasimama langoni, anarudi nyumbani bila kusema neno hadi Jumatatu. Kengele waliahidi kuifungua. Ndoo waliahidi kuifungua. Daraja walisema inakarabatiwa.

Orodha ya Daraja ililetwa saa sita mchana na Wakili wa Bwana Kokoto, mtu wa makamo mwenye sauti laini na viatu visivyopiga kelele. Alipomaliza hakuondoka. Alikaa kwenye kiti cha plastiki karibu na feni, akatafuna karanga moja moja, akisubiri mtu akosee.

Saa ilisogea kivivu. Saa ya ukutani ya ofisi ilikuwa nyuma kwa dakika tano, na kila mtu alijua, na hakuna aliyewahi kupanda kiti kuirekebisha. Tarishi, mzee wa vidonda vya tumbo aliyekuwa akisafisha ukumbi, alipita na fagio mara mbili mahali pale pale. Mama Muhuri alikuwa akihesabu siku: hamsini na nane. Saa tisa na nusu ukumbi ulibaki na watu kumi na wawili, na Fundi Bomba hajaonekana.

Alitokea saa kumi kasoro dakika tano kwa saa ya ukutani, shati limemganda mgongoni, karatasi zimekunjwa kwenye mfuko wa suruali. Fundi Bomba alikuwa fundi hasa, mikono imejaa makovu ya mabomba, na kuwahi hakujui. Alizitua karatasi juu ya kaunta kama mtu anayetua ndoo.

"Shikamoo, mama. Pikipiki imenizimikia njiani. Zipokee, nakuomba."

"Marahaba. Hata salamu unaikimbiza?"

Wakili alikwisha kusimama. Akainua simu yake, kioo kimeelekezwa kwa watu. "Mama yangu, naomba radhi kuingilia. Ni saa kumi kamili. Huyu bwana amechelewa."

"Umeiona ile?" Mama Muhuri akaelekeza kidole ukutani. "Saa ya ofisi ndiyo saa. Ukitaka ya simu, kagombee kwenye simu."

Watu wakaguna kwa kicheko. Akazichukua karatasi, akaandika saa ya kupokea kwenye kitabu, akasimama juu ya miguu yake ile, akaanza kusoma. La kwanza lilikuwa la Fundi mwenyewe, bila shaka. La pili shemeji yake. La tatu, la nne. Alisoma polepole kama kawaida, na alipofika la nane mkono mrefu wa saa ulikuwa umegusa kumi na mbili.

Jina la tisa lilikuwa la dada yake.

Alilitazama mara mbili, halafu akaitazama saini. Saini ile alikuwa akiifahamu kama anavyofahamu ufa wa ukuta wa chumbani kwake. Ina mkia uliojikunja kama ndoano, na ilikuwa kwenye kadi za kliniki za nusu ya watu wa mji ule. Ilikuwa kwenye kadi ya Mwalimu, ambaye mama yake, walisema watu, ndiye mzazi wa kwanza kabisa kuzalishwa na Mkunga. Hapana, hilo la Mwalimu lilikuwa hadithi tu, Mwalimu ni mkubwa mno. Watoto wa Mwalimu ndio wote sita walipokewa na Mkunga. Fundi Bomba ndiye aliyepokewa yeye mwenyewe, kitako kwanza, mvua inanyesha. Mama Muhuri alikuwa akiwaza ovyo, na alijua anawaza ovyo, na ukumbi ulikuwa unamtazama.

"Na wa tisa?" akauliza Wakili kwa upole.

"Si umtaje tu, mama," akasema Fundi huku akijipepea kwa mkono. "Ni dada yako. Au ndiyo yale ya damu yangu?"

Mtu mmoja nyuma akacheka. Mama Muhuri hakucheka. Alikuwa anaona yote kwa mara moja, na ubaya wake ni kwamba yalikuwa mepesi kama hesabu ya mtoto. Jina liko kwenye orodha mbili, litafutwa kote kuwili. Kengele inabaki na wanane, imekufa. Ndoo inabaki na wanane, imekufa. Linabaki Daraja peke yake, linapita bila kupingwa, na saruji inakaa wodini miaka mitano mingine. Kama asubuhi angelitaja jina lile, mke wa Fundi angeruka kwenye benchi hapo hapo, na wangekuwa na siku nzima ya kutafuta mtu wa tisa. Siku nzima. Yeye alifanya utani.

"Wino umekauka," akasema. "Naingia ndani mara moja."

Wakili akamfuata hadi pembeni ya kaunta. Akashusha sauti. "Mama yangu, bado hujagonga. Simu zote za humu ndani zinasema saa kumi imepita. Ukisema huyu alichelewa, hujamwonea mtu, umesema kweli. Uende zako ukapumzike. Nasikia umebakiza miezi miwili."

Hakujua anachompa. Alitaka Ndoo ife tu, apate sifa kwa bosi wake. Lakini Mama Muhuri aliliona lango lililofunguliwa: Ndoo ikifa kwa kuchelewa, basi haikupokelewa, na jina la dada yake litakuwa kwenye orodha moja tu. Kengele itaishi. Dada hataaibika. Yeye atapewa saa yake ya maua. Atakayeumia ni Fundi Bomba peke yake, ambaye, tuseme ukweli, chanzo cha ugomvi wote ule kilikuwa kiburi chake yeye na Mwalimu.

Aliingia chumba cha ndani, akafunga mlango, akakaa juu ya katoni la fomu, akapiga simu.

"Dada, umeweka saini kwa Fundi?"

"Nimeweka," akajibu Mkunga, sauti ya mtu anayechambua mchele. "Alikuja jana jioni."

"Na kwa Mwalimu juzi."

"Na kwa Mwalimu juzi. Umeshakula wewe?"

"Dada! Mshika mbili moja humponyoka, hujawahi kusikia? Sheria inakufuta kote. Wote wawili wanakufa kwa ajili yako!"

Ungo ukawekwa chini. "Najua sheria," Mkunga akasema. "Nilikuuliza mwaka jana ukanieleza, tukiwa tunakula. Nilitaka wasikie. Nilijua Mwalimu atawahi na huyu atachelewa. Nikasema, asubuhi mdogo wangu atanitaja pale mbele, mke wa Fundi atasikia, atampigia mumewe, na watalazimika kutafutana. Wakitafutana wataongea. Hawa hawajaongea mwaka mzima, mdogo wangu. Nimewabembeleza mpaka ulimi ukakauka. Nikaona labda jina langu litawakutanisha." Akavuta pumzi. "Kwani hukulisoma?"

Mama Muhuri alitazama rafu. Kulikuwa na makopo ya gundi yaliyokauka, na kabati, na ndani ya kabati ilikuwa ile zawadi.

"Wewe si husoma yote?" dada akauliza tena.

"Lako sikulisoma."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu ni lako."

Ungo ukasogezwa pembeni. Kisha Mkunga akasema, bila hasira, na hiyo ndiyo iliyouma, "Baba na mambo yake. Sikujua huyapeleka hadi kazini. Nakuja."

Kitabu cha kumbukumbu za ofisi kilikuwa pale rafuni. Mama Muhuri hakuhitaji kukifungua ukurasa wa kanuni, maana kanuni ya kumi na nne aliijua kwa moyo. Iliandikwa baada ya kisa cha yule mgombea aliyezikwa, na yeye ndiye aliyepewa kazi ya kuichapa. *Jina lisiposomwa kwa sauti kwa kosa la karani, orodha zote zilizoguswa na jina hilo zitapewa hadi saa sita mchana ya siku inayofuata kujirekebisha. Karani ataondoka kaunta siku hiyo hiyo na kufikishwa mbele ya kamati ya nidhamu.* Mkoa mzima hakuna aliyewahi kuitumia. Angeitumia nani, wakati karani ndiye mwenye kujishtaki mwenyewe?

Akakaa juu ya lile katoni. Anachokihitaji mtu aliyechoka ni kuachwa, na lango la Wakili lilikuwa wazi, halihitaji hata kusukumwa. Alijiambia kwamba Fundi kweli kachelewa kwa saa za watu wote. Alijiambia kwamba Mwalimu ndiye bora. Alijiambia kwamba kamati ya nidhamu haina huruma, na kwamba mtu hatupi miaka thelathini na mmoja kwa sababu ya wanaume wawili walioshindwa kugawana namba moja. Yote yalikuwa kweli. Na kila alipomaliza kujiambia, alisikia sauti ya dada yake wodini, zamani, akimkaripia msichana mwenye aibu kitandani: mficha uchi hazai, mwanangu, fungua tumalize.

"Haya," akasema kwa sauti, peke yake. Akaandika mistari minne kitabuni, akatoka.

Ukumbini watu walikuwa wamesogea mbele. Alisimama mahali pake, akavaa miwani, akaishika karatasi ya Ndoo.

"Na wa tisa," akasema, akalitaja jina la dada yake, yote matatu, kama lilivyo kwenye kadi. Sauti ilitoka ngeni, kwa sababu nyumbani walikuwa wanaitana dada na mdogo wangu tu. "Na jina hilo hilo ndilo la tisa kwenye Orodha ya Kengele."

Mke wa Fundi akafungua daftari lake, akatazama alichokiandika, akaweka mkono mdomoni. Wakili, aliyekuwa amerudi kitini, naye alielewa, na karanga zikamwagika kutoka mapajani alipoinuka.

"Basi zote mbili zimekufa! Mama yangu, kwa mujibu wa..."

"Kaa. Sijamaliza kusoma." Akafungua kitabu. "*Leo asubuhi, wakati wa kupokea Orodha ya Kengele, mimi karani sikulisoma jina la tisa kwa sauti. Nililiruka kwa kuwa ni la dada yangu. Kosa ni langu, si la wenye orodha. Kanuni ya kumi na nne itumike.*"

Akaunyanyua muhuri, akaugonga juu ya maandishi yake mwenyewe. Wino ulikuwa umekauka kweli, ikabidi aupulizie pumzi na kugonga mara ya pili. Wakili alisema mengi baada ya hapo, kwa ile sauti laini, na aliposoma mwenyewe kanuni ya kumi na nne kwa kidole alinyamaza, akatoka nje kupiga simu. Tarishi alizifagia karanga.

Mwalimu alifika saa kumi na nusu, mbio, chaki kwenye mkono wa shati, simu yake ikiwa na miito kumi na mitatu aliyoikuta mlangoni. Mkunga alikuwa ameshafika, amekaa kwenye benchi la mbele na kijaluba chake cha dawa za presha. Mama Muhuri akamweleza Mwalimu yote bila kupaka mafuta.

Mwalimu alimsikiliza hadi mwisho, kama alivyokuwa akiwasikiliza wanafunzi waliovunja vioo. "Nilicheka," akasema. "Uliponifichia jina la tisa, nilicheka pamoja na wewe."

"Ulicheka," akasema Mama Muhuri. Alitamani angefokewa.

Kama hii ingekuwa hadithi ya kulalia watoto, Mwalimu na Fundi wangeshikana mikono hapo. Haikupita dakika moja.

"Mkunga abaki kwangu," akasema Mwalimu. "Mimi nilimpata kwanza."

"Ulimpata kwanza kwa sababu hulali!" akajibu Fundi. "Mimi ndiye mtoto wake. Amenitoa tumboni kwa mikono yake."

"Na wangu sita je?"

"Sita hao wanagombea?"

Wakapandishiana sauti hadi mishipa ya shingo ikatoka, wakiwa wamepewa siku moja ya uhai na mtu ambaye amelipia kwa kazi yake, na hata hawakumgeukia. Mama Muhuri aliwatazama, akashangaa kwamba hana hata hasira. Alikuwa amechoka tu. Mkunga ndiye aliyeinuka, taratibu, goti moja kwanza, akasimama katikati yao.

"Nifuteni kote," akasema. "Kila mmoja akatafute mtu wake wa tisa. Kesho saa sita si mbali. Na mkimaliza kupiga kelele, mmoja wenu akumbuke kumshukuru mdogo wangu." Wakainamisha vichwa wote wawili, wanaume wazima, na Fundi akawa wa kwanza kuomba kalamu. Walipotoka walitoka mlango mmoja, bila kusemezana, ila Mwalimu alimshikia mwenzake mlango. Huenda ni mazoea tu ya shule.

Mama Muhuri akauvua muhuri shingoni. Kamba ilikuwa imemwachia alama ya mstari, ngozi imepauka mahali pake. Akaufunga ndani ya bahasha, akamkabidhi Tarishi aupeleke kwa mkuu wa ofisi pamoja na kitabu.

Tarishi alisita, bahasha mkononi. "Na ile... kuna kitu kabatini, mama. Tulikuwa tumekuandalia. Usiseme nimekwambia."

"Naijua. Itundikeni hapa," akasema Mama Muhuri. "Hii ya ukutani inachelewa dakika tano, na mtu atakuja kufa nayo."

Viatu vya kazini alivibeba mkononi. Wakatoka, dada na mdogo wake, wakashika barabara ya kwenda nyumbani kwa mwendo wa kandambili. Jua lilikuwa bado kali. Mafundi walikuwa wanafunga karakana, na mabango ya Kengele, Ndoo na Daraja yamebandikwa juu ya mengine ya miaka iliyopita, hata ukuta haujulikani rangi yake. Walipopita wodini Mkunga hakusimama. Aligeuza shingo tu, akayatazama madirisha yaliyozibwa na mifuko, akaendelea.

"Watakufukuza?" akauliza.

"Sijui. Labda."

"Mimi ndiye niliyekuponza. Na ujanja wangu wa uzeeni."

"Na mimi na adabu yangu. Tembea."

Wakatembea. Mbele ya duka la baiskeli Mkunga akapunguza mwendo.

"Ulilisoma lote? Jina langu?"

"Lote matatu."

"Mbele za watu?"

"Mbele za watu."

Mkunga akafikiri kidogo. "Miaka arobaini nimewaandikia watoto wa watu majina," akasema. "Langu sijawahi kulisikia likisomwa. Kazini waliniita nesi, mitaani wananiita mkunga. Hebu nisomee."

"Hapa? Barabarani?"

"Unaogopa nani sasa? Huna tena hata muhuri."

Mama Muhuri akaviweka viatu chini. Akanyoosha kola, akashusha miwani kama kawaida yake, akalitaja jina la dada yake kwa sauti ya ukumbini, polepole, kama lilivyo kwenye kadi. Mpwa wao akachungulia dukani kuona ni nani anayeitwa.